Je, Namba Yaweza Kumhukumu Mgonjwa?

Waswahili husema kwamba neno fulani limemkata mtu maini, wakalifanya ini kuwa makao ya uchungu. Madaktari wa siku hizi nao hulisaili ini, lakini hulitaka litoe ushahidi mwingine: mgonjwa huyu ataishi au hataishi?

Mnamo mwaka 2000 wataalamu wa hospitali ya Mayo, Marekani, walitangaza kipimo kilichokuja kuitwa MELD. Huangaliwa mambo matatu katika damu: bilirubini, yaani rangi ya manjano ya nyongo, kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, na wepesi wa damu kuganda. Hesabu hutoa namba kati ya 6 na 40. Tangu 2002 Marekani ilitumia namba hiyo kupanga foleni ya wanaongojea kupandikizwa ini. Baadaye ikapelekwa kitandani kwa mgonjwa aliyeungwa na mashine ifanyayo kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili. Hoja yenyewe ina mantiki: moyo ukidhoofu, damu hukwama ndani ya ini au hailifikii ipasavyo, hivyo hali ya ini hueleza jinsi mwili mzima ulivyokwisha kunyimwa. Lakini mgonjwa huyo hupewa dawa za kuzuia damu isigande, na dawa za namna hiyo zaweza kulipotosha jambo la tatu. Ndiyo sababu wengine hutumia kipimo kisichohesabu kuganda.

Mashine hizo haziko Busia wala Tororo. Basi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa kanuni husafiri upesi kuliko mashine.

Chukua bilirubini. Chembe nyekundu zikivunjika kwa wingi hupanda, hata kama ini ni zima. Malaria huzivunja, na selimundu huzivunja. Maradhi hayo mawili hayaulizi kama Msamia au Mwiteso yuko upande wa Uganda au wa Kenya. Macho ya manjano ya mtoto wa Tororo, basi, si lazima yaseme yasemwayo na macho ya mzee wa Marekani. Sisi walimu twalijua hili: ukiliona neno "kata" peke yake, hujui kama ni kitendo, ni chombo cha kutekea maji, au ni eneo la utawala.

Na si nadharia tupu. Utafiti uliotangazwa 2011, ambao Mbale, jirani ya Tororo, ilishiriki, ulihusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vyema. Kanuni iliyoaminiwa ilitaka wamiminiwe maji mshipani kwa haraka. Waliomiminiwa walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa.

Hata hivyo simkubali asemaye tuzitupe namba. Tuseme mtungi wa oksijeni ni mmoja na watoto ni wawili. Pasipo kipimo, atapewa ambaye baba yake anajulikana na muuguzi. Namba haina ndugu. Ila husema juu ya wengi, kwamba mia wa namna hii walikufa kadha. Haisemi huyu ni wa kundi lipi. Naona ifaa kupanga foleni, haifai kufunga mlango. Mama aliyevuka mpaka usiku akiwa na mwanawe mgongoni aelezwe, kwa lugha aisikiayo, namba hiyo ilipatikana kwa wagonjwa gani. Na iliyopimwa alfajiri ipimwe tena baada ya siku mbili tatu, kwani malaria ikitibiwa bilirubini hushuka.