Laini Iliyosajiliwa kwa Kidole Chake

Kazi mbili zilimfikia binti mmoja katika wiki moja. Ya kwanza ilitoka kwa shangazi yake, mama lishe wa Tandika: kuosha vyombo, kuchota maji, kuwapelekea mafundi gereji chakula, shilingi 7,000 kwa siku na mlo juu yake. Ya pili aliletewa na rafiki aliyesoma naye chuo: ofisi Kinondoni, ghorofa ya tatu, yenye kiyoyozi, mshahara 300,000 kwa mwezi pamoja na kamisheni. Binti huyu alikuwa na stashahada ya uhasibu na miaka miwili ya kuzungusha barua za maombi. Mama mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mdogo wake wa kidato cha tano alikuwa bado nyumbani kwa kukosa nauli ya kwenda shule. Akachagua ofisi.

Simlaumu kwa kuitaka pesa. Kumwambia mtu wa hali ile kwamba bora alale njaa ni rahisi kwa aliyekwisha kula. Ninachokilaumu ni mizani aliyoitumia. Kwa shangazi angepata kama 182,000 kwa mwezi bila kununua chakula cha mchana. Tofauti haikuwa kubwa kama alivyoiona. Lakini hesabu hiyo hakuipiga, na mhasibu ni yeye. Alichokipigia hesabu ni macho ya wenzake wa chuo wakimkuta amebeba sufuria. Aliuliza kazi itamfanya aonekanaje, hakuuliza itamtaka amtendee nini mtu mwingine.

Ofisi ile ilidai mikopo ya mtandaoni. Mtu anapakua programu, anabonyeza kukubali masharti asiyoyasoma, na programu inabeba majina na namba zote zilizomo kwenye simu yake. Anaomba 50,000, zinaingia 35,000 kwa sababu ada imekatwa kabla, na siku ya saba anadaiwa 50,000 nzima. Akichelewa anapigiwa yeye, kisha wanapigiwa watu wake.

Siku ya kwanza msimamizi alimwambia aweke kidole kwenye kifaa: laini mbili za kazi zisajiliwe kwa namba yake ya NIDA, kila mfanyakazi anasajili zake. Mkataba je? Utakuja. Hakuuliza tena.

Mwanzoni alipangiwa kukumbusha tu. "Habari dada, mkopo wako unaisha kesho." Hakuna ubaya hapo, dawa ya deni ni kulipa, na anayekopesha kwa haki naye ana haki ya kudai. Shangazi alipomuuliza, alijibu, "Nashika miezi mitatu tu, shangazi, nilipe kodi niondoke." Kodi ililipwa. Mdogo wake alikwenda shule. Kisha akahamia chumba cha masta, akachukua friji kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na kufikia mwezi wa nne shida iliyompeleka pale ilikuwa imekwisha, ila mshahara ulikuwa umezaa shida nyingine mahali pake. Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Anayeingia kazi ya namna hii kwa dharura aandike kiasi anachokitafuta na tarehe ya kutoka, kisha karatasi hiyo ampe mtu asiyemwonea haya, aje kumdai.

Yeye alihamishiwa meza ya waliochelewa, kwenye kamisheni kubwa zaidi. Huko alimkuta mama mmoja muuza mitumba, deni 60,000. Alichukua picha yake ya WhatsApp, akafungua kundi la watu arobaini kutoka kwenye namba zake, wateja, majirani, mwalimu wa madrasa wa wanawe, mkwe wake, akaandika: MNAOMFAHAMU HUYU MAMA MWAMBIENI ALIPE. NI TAPELI, AMEWAANDIKA NINYI KUWA WADHAMINI. Hakukuwa na mdhamini hata mmoja. Mama alilipa kabla ya magharibi, kwa kukopa kwenye programu nyingine. Kamisheni ya binti ilikuwa 3,000.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa tayari inafanya kazi wakati ule. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Baada ya tangazo hilo, Jumatatu moja, binti alikuta mlango wa ofisi umefungwa, simu ya msimamizi haipatikani, na mshahara wa mwezi hajalipwa. Hana karatasi ya kumdai mtu yeyote.

Yule mama wa mitumba alikuwa amezihifadhi jumbe zote, akazipeleka polisi. Namba ilipofuatiliwa, usajili ulisoma jina la binti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalifanya kosa tendo la kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumnyanyasa. "Nilitumwa," alisema. Na nani? Mwajiri anayekutaka usajili laini yake kwa kidole chako amekwisha kukueleza, siku hiyo hiyo ya kwanza, kazi yake ni ya namna gani na nani atabaki nayo. Swali la mkataba, la kibali cha kampuni na la jina litakalotokea kwa mteja linaulizwa kabla ya kidole kugusa kifaa, hata kama kodi inadaiwa kesho.

Shangazi ndiye aliyemwekea dhamana kituoni, na ndiye aliyekwenda kuzungumza na mama wa mitumba. Mama hakutaka pesa. Anataka watu wale wale arobaini waandikiwe kwamba yeye si tapeli, na aandike aliyemtukana, kwa jina lake kamili. Binti amekubali. Simu ya kazi ilibaki ofisini, kwa hiyo namba anatajiwa na mama mwenyewe, moja moja, mezani kwa shangazi baada ya wateja wa mchana kuondoka, na wameanza na ya mkwe.