Wageni wa Barafu Inayokwisha

Mtu asafiriye kwa basi kutoka Mwanza kuja kwetu Musoma, kabla ya kufika Bunda hupita kando ya lango la Ndabaka, penye mwanzo wa Serengeti kwa upande wa magharibi. Wakati wa kiangazi huyaona magari ya watalii yakiingia na kutoka, yamejaa vumbi. Wengine katika wageni hao hawatosheki na nyumbu na simba. Hupanda na Kilimanjaro pia. Nao wapo wasemao waziwazi kwamba wamekuja sasa ili waione barafu ya kileleni kabla haijatoweka. Neno hilo limetufikirisha sana sisi wa Kitaji, nasi twapenda kulipima leo pamoja na wasomaji wetu. Je, ni haki kukiendea kitu kwa sababu kinakufa?

Haja hiyo imewafikisha watu hata kwenye ncha za dunia. Mwaka 2016 meli iitwayo Crystal Serenity iliwachukua abiria wapatao 1,000 kutoka Alaska hadi New York, ikipita kaskazini mwa Kanada, katika njia ambayo zamani barafu iliifunga na kuwaua mabaharia wengi walioijaribu. Safari ilikuwa ya siku 32, na nauli ya chini kabisa ilizidi dola 20,000. Kusini nako, katika bara la Antaktika lisilo na wenyeji, watalii walizidi 100,000 katika msimu mmoja wa 2022 na 2023. Hatusemi kwamba huko hakuna utaratibu. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu nchi kavu, wala hawashuki watu zaidi ya 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja. Na tangu 2011 mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku katika bahari hiyo. Hata hivyo masizi ya injini huanguka juu ya theluji, nayo theluji iliyochafuka hunywa joto la jua na kuyeyuka upesi. Wataalamu walioyapima mambo hayo walikadiria mwaka 2022 kwamba kila mtalii afikaye huko huharakisha kuyeyuka kwa theluji ipatayo tani 80.

Basi tazameni jinsi jambo hili lilivyojikunja. Njia ya kaskazini imefunguka kwa kuwa dunia imepata joto. Meli hupita kwa kuwa njia imefunguka. Nayo ikipita huongeza lile joto. Ni mfano wa mtu aingiaye chumbani mwa mgonjwa wa kifua na kiko kinawaka kinywani mwake, akisema, "Pole sana, ndugu yangu; nilisikia kwamba hutaishi, nikaona nisikukose."

Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, wala hatumcheki mtu aliyetoka mbali kuja kumwona. Lakini wajibu huo una adabu zake. Mtu haendi mikono mitupu. Huchukua unga, au kuni, au walau mtungi wa maji. Hakai mpaka mwenye nyumba alazimike kumchinjia kuku. Na akijua kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa ule, hawezi kuketi na kuzungumza habari za mvua kana kwamba hana neno. Adabu hizo ndizo zimtengazo ajuliaye hali na atazamaye tu, ingawa wote wawili wameketi juu ya kigoda kimoja.

Watetezi wa safari hizi hutujibu kwamba mtu akiona kwa macho yake atapenda, na akipenda atalinda. Huenda wapo waliogeuka hivyo, nasi twawaheshimu. Ila kama dawa hiyo ingekuwa na nguvu kama isemwavyo, tungetazamia kwamba baada ya miaka mingi ya kutazama, meli zingepungua. Zimeongezeka.

Sasa na turudi nyumbani, kwa maana ni rahisi kuwalaumu matajiri wa mbali. Barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa kwa ramani ya 1912 ilienea zaidi ya kilometa za mraba 11. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu hiyo yaelekea kwisha ifikapo 2050. Lakini haki yatudai tuseme na jambo jingine. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba barafu imekwisha kupungua, nazo ndege zilikuwa bado hazijaanza kuruka duniani. Wako wataalamu wasemao kwamba huku kwetu ukavu wa hewa, ulioanza karne ya 19, ndio ulioila barafu sehemu kubwa, na joto la dunia likaja kuongeza. Hivyo mgeni apandaye Machame hawezi kuhukumiwa kana kwamba ameushika mlima kwa mikono yake na kuuyeyusha. Hatia yake ni ya namna nyingine: safari yake ya ndege toka Ulaya na kurudi hutoa gesi ya ukaa nyingi kuliko ile itokayo, kwa mwaka mzima, katika mafuta na gesi na makaa ya mawe atumiayo Mtanzania wa kawaida. (Mikaa yetu ya kuni na misitu tunayoikata ni hesabu nyingine, tena si ndogo.)

Je, tumwambie basi akae kwao? Mwaka 2020, wakati wa korona, walikaa kwao. Watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 hivi. Kijana aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuendesha gari la wageni, au kwa kupika kambini, alirudi kwa baba yake bila kitu. Hatuwezi kukaa mezani tukiandika maneno matakatifu juu ya barafu, na huku twaifunga jiko ya jirani.

Twasema hivi: mgeni na aje, lakini wazee walishatuambia kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Huyu amekaa zaidi ya siku tatu. Jembe lake ni kulipa sehemu ya hasara kwa wale ambao hawakupanda ndege wala meli, na kudai kwao, kwa serikali yake na kwa makampuni yake, moshi upunguzwe. Ada ya lango hailipi deni hilo. Ile ni bei ya kuingia tu.

Nasi tuna la kwetu. Siku hizi biashara ya safari imejifunza kutangaza, "Njoni upesi kabla haijaisha." Hapo ndipo tunapokataa. Fundi wa majeneza hana kosa, kwa maana maiti lazima azikwe. Lakini fundi aendaye kwa mgonjwa angali hai, na futi mkononi, watu watamfukuza uani. Afadhali tumwite mgeni kwa sababu ya mlima, na msitu wake, na mito yake, na watu wake, vitu ambavyo tumekusudia kuvitunza.

Jambo moja zaidi. Mpagazi huruhusiwa kubeba kilo 20 za mzigo wa mgeni, na wapagazi walio wengi huishia kambi ya mwisho. Usiku ule wa kupanda kileleni mgeni huenda na kiongozi wake, wao hubaki hemani na vyombo. Wapo waliokwenda mlimani mara nyingi wala hawajaigusa ile barafu. Kama imebaki miaka michache ya kuiona, twaomba wenye hifadhi wapange zamu ili na hao wapande.