Mkate wa Kunguru

Jumatatu asubuhi nilipita Ndia Kuu, hapa Mombasa, kabla maduka hayajafunguliwa. Kunguru mmoja alishuka na kipande cha mkate wa jana, mkavu kama kigae, akatua kwenye ukingo wa ndoo ya maji iliyoachwa na mwashi. Akakichovya, akakigeuza, akakichovya tena, kisha akala taratibu. Nilicheka peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kula mkate mkavu utotoni, ila mimi nilipewa chai.

Ndugu zangu, sisi wa kisiwani hatumpendi ndege huyu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Taka hajazimaliza, sisi tunaziongeza kila siku, naye anaongezeka nazo. Juu ya hayo anakula mayai ya mnana, makinda ya chozi, vifaranga vya mama aliyefuga kuku uani. Kunguru wa methali ni mwoga. Huyu wetu anakutazama usoni huku akikwapua samaki sahanini. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipotangaza mpango wa kuwaua milioni moja kwa sumu, baadhi ya waumini wangu walisema amina. Sikuwakemea. Nami nina vifaranga.

Mathayo anaandika kwamba Yesu aliwaonyesha wanafunzi ndege wa angani. Luka, katika sura ya 12, anamtaja kunguru waziwazi. Nimehubiri juu ya ndege wa Mathayo mara nyingi; juu ya kunguru wa Luka, nikikumbuka vizuri, mara moja tu.

Wiki hii nilirudi kwa Eliya, 1 Wafalme 17. Nchi ina ukame, nabii amejificha penye kijito cha Kerithi, na kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Kwenye picha za shule ya Jumapili wanang'aa, mkate mdomoni kama wametoka nao dukani. Mtu wa Mombasa hawezi kuisoma hivyo. Anajiuliza: ule mkate ulitoka jikoni kwa nani? Kunguru haoki. Na ile nyama, aliinyofoa wapi? Tena Walawi 11 inamweka kunguru katika orodha ya ndege wa kuchukiza, wasioliwa. Eliya, mtu mkali wa sheria ya Bwana, alikuwa akinyoosha mkono kupokea tonge kutoka mdomo huo, kutwa mara mbili, na hatusomi kwamba aliuliza lolote.

Kijito kilipokauka akatumwa Sarepta, upande wa Sidoni, nchi ya baba yake Yezebeli, akale kwa mjane wa huko. Naona kunguru walikuwa wamemzoesha. Mtu aliyekwisha kulishwa na kunguru haulizii sana ukoo wa mwenye unga.

Hayo niliyaandika Jumanne usiku, nikaridhika nayo.

Jumatano kijana mmoja, miongoni mwa waraibu wa dawa za kulevya tunaowaita mateja, ambaye hulala karibu na lango letu, alinijia na mahamri mawili ndani ya kipande cha gazeti. Yalikuwa bado ya moto. "Pasta, leo wewe ndiwe mgeni wangu," akasema. Nikamshukuru. Halafu nikamwuliza ameyapata wapi.

Alinitazama kidogo, akaniwekea gazeti mkononi, akaenda zake bila kujibu. Nikayaweka mahamri juu ya ukuta, nikaingia kusali. Nilipotoka, gazeti lilikuwa tupu. Kunguru wawili walikuwa penye bomba linalovuja, kila mmoja na lake, wakiyalowesha.