Bustani Yako na Maji ya Jirani

Huulizwa: mtu aliyenunua kiwanja kwa mali yake ya halali, je, si huru kupanda humo alitakalo?

Kitale iko juu, yapata mita 1,900, karibu na Mlima Elgon, na baridi ya usiku wake yajulikana. Tangu Desemba hata Machi mvua huwa haba. Wala sijitoi lawamani: nalipanda mlangilangi wa pwani, nikaunywesha ndoo mbili kila jioni, hali jirani zangu wangali safuni kisimani. Baridi ikaua mti, na maji yakapotea bure. Huko Bungoma nako, mwenye kupanda mikaratusi ukingoni mwa kijito hupata mbao, na walio chini yake hupungukiwa maji.

Sisemi kila kigeni ni kiovu. Mahindi yatulishayo asili yake ni Amerika. Kosa si ugeni. Kosa ni madhara, na dini yetu imetukataza kumdhuru jirani hata kwa kilicho chetu.

Mzeituni mwitu ulizoea baridi hii kabla ya babu zetu; ukisha kushika mizizi, hauombi ndoo ya mtu. Mnavu na mgagani, tuing'oayo kama magugu, ni mboga ya maskini na tajiri.

Basi milki ni idhini ya kutumia, si idhini ya kudhuru. Kabla hujachimba shimo, jiulize: mche huu utakunywa maji ya nani, na utamfaa nani?