Shahidi wa Kidoleni

Ukimwona mtu amevaa saa ihesabuyo mapigo ya moyo wake, usimcheke. Chombo hicho ni shahidi akeshaye wakati tabibu amelala. Swali ambalo ningependa tulifikiri pamoja, msomaji, ni hili: shahidi akishasema, nani ahukumu?

Nitachukua chombo kimoja tu, kile kibanio avikwacho mgonjwa kidoleni kupimwa oksijeni ya damu. Asili yake ni uvumbuzi wa mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, alioueleza mwaka 1974. Hupenyeza mianga miwili, mmoja mwekundu na mmoja usioonekana kwa macho, kisha hukadiria oksijeni kwa kadiri damu ilivyoimeza mianga hiyo. Wengi wamepona kwa msaada wake. Lakini mwanga haufiki damuni bila kupita katika ngozi, na ngozi za wanadamu si za rangi moja. Mwaka 2020 matabibu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha maneno ya kibanio na damu yenyewe iliyotolewa mshipani. Kiliposema oksijeni ni 92 hadi 96 kwa mia, hali ya kutuliza moyo, kweli ilikuwa chini ya 88 katika vipimo 12 hivi kwa kila 100 vya wagonjwa weusi, na 4 hivi tu vya weupe. Shahidi huyo hana chuki na mtu. Ila hatuoni sote sawasawa.

Sasa zipo programu za akili bandia zipokeazo hesabu kama hizo na kumwonya tabibu ni mgonjwa gani anayezidiwa. Kosa la kibanio huingia humo kimya kimya, likatoka limevaa heshima ya hesabu.

Sisemi programu zitupwe. Mwaka 2025 zilitangazwa habari za zahanati 15 za Penda Health, Nairobi, ambako programu ilimwonyesha tabibu rangi akiwa kazini: kijani aendelee, manjano afikiri, nyekundu asimame. Katika ziara 39,849 za wagonjwa, walioitumia walikosea utambuzi wa maradhi kwa 16 kwa mia pungufu ya wenzao. (Waliotangaza ni zahanati na watengenezaji wenyewe, lipime hilo.) Hata hivyo uamuzi uliachwa kwa tabibu. Si kwamba mwanadamu hakosei. Labda hukosea zaidi. Hukumu ni yake kwa kuwa yeye aweza kuulizwa, akaona haya, akajuta.

Nilipompeleka jirani yangu hospitalini usiku mmoja, kibanio kilisema 94. Muuguzi alizitazama mbavu za mama yule zikivutwa ndani, akakivua kibanio, akamwita tabibu. Baadaye nilimwuliza kama hakuogopa kupingana na chombo. Akajibu, "Mwalimu, kesho nikiulizwa, hicho hakitasimama nami."

Lakini usiku ule alikuwa na mgonjwa mmoja mbele yake. Wangalikuwa arobaini, na programu ikamwambia wote ni salama, sidhani ningalithubutu kumlaumu kwa kuamini.