Mpita Njia na Hodi

Katika adabu ambazo mtoto aliyelelewa katika Kiswahili hufunzwa kabla hajajua kusoma, kuna mambo mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni hodi. Aendaye nyumbani kwa mtu husimama nje, akabisha, akangoja; akipiga hodi mara tatu pasipo kuitikiwa, hurudi alikotoka wala hanuni, maana nyumba ina mwenyewe. La pili ni salamu ya njiani. Apitaye kando ya nyumba hiyo hiyo, akielekea shambani au sokoni au kwa shemeji yake, hapigi hodi. Husalimu, akaitikiwa, akaenda zake. Lau angesimama akaomba ruhusa ya kupita, watu wangemshangaa. Na lau mwenye nyumba angemzuia na kumtaka aeleze ana fedha kiasi gani na ameacha watoto wangapi kwao, wangemshangaa zaidi huyo mwenye nyumba.

Nimeanza na tofauti hii kwa kuwa yatusaidia kulitazama jambo linalowapata walimu na wasomi wa nchi zetu kila wanapoalikwa mkutano wa siku mbili katika nchi ya mbali, nalo ni viza ya safari fupi, na hasa viza ya kupita tu. Makala haya hayakusudii kueleza jinsi ya kuipata. Mambo hayo hubadilika kila mara, na wenye ofisi ndio wajuao. Swali langu ni la maadili. Je, mtu asiyekusudia kuingia nyumbani, bali kupita, anapaswa kupiga hodi? Na akilazimishwa kuipiga, nani amemkosea nani?

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kisangani aliyealikwa kusoma makala mbele ya wenzake katika mji mmoja wa Afrika Magharibi. Mkutano ni wa siku mbili, na muda aliopewa wa kusema ni dakika 20. Kwa miaka mingi njia ya kawaida kutoka kwetu kwenda upande ule wa bara ilipita Brussels au Paris, kana kwamba Afrika ni nyumba ambayo ukitaka kutoka chumba kimoja kwenda cha pili huna budi kuzungukia kwa jirani. Siku hizi mtu aweza kupitia Addis Ababa au Nairobi, na hilo ni jema. Lakini tiketi aliyonunuliwa na wenye kumwalika pengine bado huelekea Ulaya. Mwalimu huyu hana haja ya kuiona Paris. Atakaa saa tatu juu ya kiti cha chuma, nyuma ya ukuta wa kioo, asikanyage hata barabara moja ya Ufaransa.

Walakini sheria ya viza ya nchi za Schengen, iliyotungwa mwaka 2009, ina orodha ya nchi 12 ambazo raia wake hawaruhusiwi kukaa hata katika sehemu ya wapitaji ya kiwanja cha ndege pasipo viza. Sita ni za Asia na sita ni za Afrika: Ethiopia, Eritrea, Somalia, Ghana, Nigeria na Kongo. Jirani wa Kigoma au wa Kampala hamo katika orodha hiyo ya pamoja. Waweza kuwa na walimu wawili, wenye somo moja na lugha moja, wameketi ndani ya ndege moja, na mmoja akahesabiwa mpita njia, wa pili akahesabiwa mtu anayenyemelea dirisha.

Ada nayo yafaa itazamwe. Tangu Juni 2024 viza ya kukaa katika nchi hizo ni euro 90, nayo humruhusu mtu kukaa mpaka siku 90 katika kila siku 180. Viza ya kupita kiwanjani ni euro 90 vilevile. Kwa bei moja, huyu anapata miezi mitatu ya miji, makumbusho na bustani. Yule anapata kiti cha chuma kwa saa tatu. Akinyimwa, fedha hairudi. Tena maombi hayo hupelekwa Kinshasa, na kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa njia ya mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Muda wa kawaida wa kuyachunguza ni siku 15, nao waweza kurefushwa. Hesabu basi mwenyewe, msomaji: ni siku ngapi za maisha ya mwalimu zinazotolewa ili apewe saa tatu za kungoja ndege?

Wazee wetu waliupima ugeni kwa muda. Methali inayosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, watu huichukua kuwa ni mzaha juu ya wageni wavivu, nami naona ndani yake mna sheria kamili. Haki na wajibu wa mgeni hukua pamoja na siku zake. Akaaye sana hudaiwa sana, na akaaye kidogo hadaiwi ila salamu. Na si kwamba dola haziwezi kuupima ugeni hivyo. Zaire, Rwanda na Burundi zilipounda jumuiya yao ya Maziwa Makuu mwaka 1976, zilikusudia watu wa nchi hizi wavuke kwa wepesi. Na kwa miaka mingi wakazi wa Goma na Gisenyi walivuka asubuhi wakiwa na kikaratasi cha siku moja, wakauza nyanya zao, wakarudi jioni. Safari ilikuwa ndogo, na karatasi ikawa ndogo.

Viza hailingani na kipimo hicho, kwa sababu haiulizi utakaa muda gani. Huandika swali hilo, lakini silo linalotaka kujua. Linalotakiwa ni kama utarudi, na ukirudi, unarudi kwenye nini. Ndiyo maana huombwa hati ya mshahara, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, na habari za ndoa. Mtu anatakiwa kuthibitisha jambo ambalo bado halijatokea, na mali yake na jamaa zake hufanywa rehani ya neno lake. Kinachodhihirisha jambo hili zaidi ni msamaha uliowekwa katika sheria ile ile: Mkongo mwenye viza halali ya Marekani, Kanada au Japani haombwi viza ya kupita kiwanjani. Hakubadilika kitu katika nia yake wala katika kiti atakachokalia. Ametangulia tu kuaminiwa na tajiri mwingine.

Mwanafalsafa Kant, mtu ambaye hakupata kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795 kitabu kidogo juu ya amani ya kudumu, na humo akaligusa suala la mgeni. Kwa kuwa dunia ni duara, alisema, watu hawawezi kutawanyika pasipo mwisho. Lazima wakutane na kuvumiliana. Kwa hiyo kila mtu ana haki ya kufika kwa wengine asitendewe kama adui, maadamu amekuja kwa amani. Hiyo ni haki ya kuzuru, si haki ya kukaa. Mwenyeji aweza kumkataa, ilimradi kukataa huko kusimwangamize. Wengi humtaja Kant hapa kana kwamba alifungua milango yote. Hakufanya hivyo. Alilaumu sana Wazungu waliofika kwa watu wengine wakajifanya wamekuta nchi isiyo na mwenyewe, na akaona China na Japani walifanya busara kuwawekea mipaka. Sisi tuliowahi kuzuriwa namna hiyo hatuna sababu ya kuidharau haki ya mwenye nyumba kusema hapana. Lakini Kant alizungumza juu ya hodi. Habari ya njia aliiacha, pengine kwa kuwa katika zama zake aliyepita nchi aliikanyaga kwa miguu yake, akalala humo, akala humo. Kupita pasipo kuingia ni jambo lililoletwa na ndege.

Wenye nchi hizo wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Husema kwamba wako wanaojiita wapitaji ilhali hawapiti: wakishafika katikati ya safari huficha pasipoti na kuomba hifadhi. Ni kweli wako. Lakini kuomba hifadhi si wizi. Ni haki iliyotambuliwa, na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ulitungwa na watu waliokuwa wameona Ulaya yenyewe ikijaa wakimbizi. Viza ya kupita haimjibu mwenye kuomba. Humzuia asifike mahali ambapo ombi lake lingesikika. Mwaka 1992 ndugu wanne Wasomali waliokuwa wamepitia Kenya na Syria walizuiliwa siku 20 katika kiwanja cha Orly, kisha wakarudishwa Syria. Serikali ilidai kwamba hawakuwa wamefungwa, kwa maana walikuwa huru kuondoka kwenda kokote isipokuwa Ufaransa. Mwaka 1996 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa hoja hiyo, ikasema kwamba sehemu ile, ijapokuwa inaitwa ya kimataifa, iko chini ya sheria ya Ufaransa. Kwa maneno yetu sisi, mwenye nyumba hawezi kudai kwamba ua wake ni wake anapotaka kuzuia, na si wake anapodaiwa.

Marekani walau haifichi. Huko hakuna njia, pana nyumba tu: kila abiria, hata anayebadili ndege, hupita mbele ya afisa wa uhamiaji, na mpango uliowaruhusu wengine kupita pasipo viza ulisimamishwa Agosti 2003. Ni ukali, lakini ni ukali usiojifanya kuwa ukarimu. Viwanja vikubwa vya Ulaya vimejengwa viwe njia panda ya dunia. Vinaishi kwa wapitaji, vinawauzia manukato na chakula, vinashindana kuwavuta. Aliyefungua njia uani kwake ili apate faida, akaweka na duka kandokando yake, amejitwika wajibu ambao mwenye nyumba ya kawaida hana. Hapo ndipo naona kosa lilipo.

Na mlangoni amesimama nani? Si afisa wa dola. Uingereza ilitunga mwaka 1987 sheria ya kuyatoza faini mashirika yanayobeba abiria wasio na hati, na nchi za Schengen zikaweka sharti la namna hiyo katika mkataba wao wa 1990. Tangu hapo mlinda mlango wa Paris ni karani wa shirika la ndege huko Kinshasa au Nairobi, kijana mwenye foleni ndefu mbele yake. Akimpitisha asiyestahili, shirika hutozwa. Akimzuia anayestahili, hapana atozwaye. Mizani iliyotegwa hivyo, hata ikishikwa na mtu mwema, italalia upande mmoja. Na abiria aliyezuiwa hapati hakimu wa kumlalamikia, kwa kuwa karani atasema sheria si yake, na dola itasema haikumwona.

Msafiri naye ana wajibu wake. Wapo wanaoshauriana kwamba safari ya siku mbili haina haja ya ukweli mrefu: andika matembezi, ingawa unakwenda kufundisha na utalipwa. Siukubali ushauri huo. Hodi ni neno, na neno likizoea kusema uongo hata mkweli hataitikiwa. Lakini namtofautisha mtu huyo na yule aliyeulizwa kama ana hakika atarudi, akajibu ndiyo. Hakuna binadamu mwenye hakika ya namna hiyo. Aliyeuliza anajua, na anayejibu anajua, na wote wawili wanatia sahihi.

Kuna na mtu wa tatu ambaye hatajwi, naye ni mwenye kualika. Hapa sizungumzi juu ya Ulaya. Nazungumza juu ya vyama kama hivi vyetu. Sheria ile ya 2009, kama ilivyorekebishwa, humruhusu msafiri kupeleka maombi yake hata miezi sita kabla ya safari. Sisi huchagua mji wa mkutano kwa kutazama ukumbi na hoteli, na ni mara chache tunaotazama ni wenzetu wangapi watalazimika kupiga hodi ili wafike, na ndege itawapitisha wapi. Kisha barua za mwaliko huondoka wiki tatu kabla ya siku. Wa Mombasa na wa Arusha watafika. Wa Kisangani ataandikiwa barua nzuri ya masikitiko, na makala yake itasomwa na mtu mwingine, dakika 20 zile zile, ukumbini akiwa hayupo wa kuulizwa swali.