Ganda la Korosho na Jiwe la Namtumbo

Mwezi uliopita, baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono nje ya kanisa. Mwanawe anataka kwenda Namtumbo kutafuta kazi kwenye machimbo ya urani ya Mto Mkuju, ambako kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025. "Baba Padri," akasema, "mwanangu akilichimba jiwe lile, na kesho likaua watu ng'ambo, atadaiwa damu yao?"

Sikumjibu pale pale. Wengi wetu tukisikia urani tunakumbuka bomu la Hiroshima la 1945, ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, huko Kongo. Lakini liko jambo jingine lisilosemwa sana.

Sisi watu wa Mtwara tunajua kubangua korosho. Tunatafuta kiini, ganda hubaki, na mafuta yake huunguza vidole. Urani nayo ina kiini na ganda. Katika sehemu 1000 zitokazo ardhini, ni kama 7 tu za aina ile inayowasha mitambo ya umeme. Viwanda vya ng'ambo huikusanya hiyo, na lile rundo linalobaki ndilo huitwa urani hafifu. Hafifu kwa mionzi, si kwa uzito, maana inaishinda hata risasi tunayofungia nyavu, kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kwa kuwa ni masalio, bei yake ni ndogo. Kwa kuwa ni nzito, wenye vita huifanya kombora la kutobolea vifaru. Ilipigwa Irak na Kuwait 1991, Kosovo 1999, na Irak tena 2003. Ikigonga chuma huwaka ikawa vumbi. Wataalamu wanabishana vumbi hilo limewadhuru wakazi kwa kiasi gani. Kwamba urani ikizidi mwilini ni sumu kwa figo, hapo hawabishani.

Basi, aliyechimba kwa ajili ya taa za watu amechimba na ganda pia. Utasema mhunzi naye hufua jembe na mkuki kwa chuma kile kile. Kweli, lakini mhunzi humwona uso anayemuuzia. Na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, unakataza silaha za nyuklia katika Afrika, nasi tumo. Ila kombora hili si bomu la nyuklia, basi haliguswi.

Torati inamtaka ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu, lakini ukingo anadaiwa. Kwangu mimi, wanaodaiwa ukingo huu kwanza ni wale wanaotia sahihi mikataba ya kuuza: waandike ganda litakwenda wapi. Kibarua hana kalamu hiyo.

Nilimwambia yule mama kijana aende, ila aulize jiwe linauzwa kwa nani. Akaniuliza, "Na wakimwambia si kazi yake kuuliza?"

Nilinyamaza. Kijana aliondoka Jumatatu kwa basi la Songea.